Kivumbasi Mlangoni, Mrehani Uani

Hotuba kwa wanawake wa vikundi vya bustani za nyumbani, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliokuja kutubebea viti mkaamua kubaki, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja achukue kijiti kimoja kwenye sinia linalopita. Usikinuse kwanza. Shika shina, lizungushe polepole kati ya vidole viwili. Mnasikia nini? Mama pale mbele ameshasema: lina pembe. Ni kweli, lina pembe nne, kama kijiti kilichochongwa kwa kisu. Sasa sugua jani, halafu nusa.

Mliopata jani pana lenye vinyweleo na kingo za msumeno, mmeshika kivumbasi. Wengine mnakiita kirumbasi, wengine mrumbasha, kila mtu na alivyolelewa. Mliopata jani laini linalong'aa, huo ni mrehani. Na wachache mmepata jani dogo la kijivujivu, la mviringo, lisilozidi ukucha wa mtoto. Huyo ni mgeni kwetu. Anaitwa majoramu, kwao ni Kupro na kusini mwa Uturuki, na Waarabu wanamwita bardakushi. Wenye ndugu Maskati wanamjua, kwa sababu akiletwa kwenye bahasha nyumba nzima hunukia.

Wote watatu ni wa ukoo mmoja, na mnanaa na rozimari wamo humo humo. Juu ya majani yao kuna vifuko vidogo sana vya mafuta. Jani likisuguliwa vinapasuka, ndiyo harufu inatoka. Mafuta hayo mmea hauyatengenezi kwa ajili yetu. Ni silaha zake dhidi ya wadudu na ukungu. Sisi tumekuja baadaye, tukaazima.

Ila shina la pembe nne lisiwadanganye. Lantana, ule mmea wa ua wenye maua ya rangi ya chungwa na waridi yaliyokusanyika kama shada, nao shina lake lina pembe na jani lake linanuka. Ule si wa kunywa. Majani yake huua ng'ombe na mbuzi, na vitunda vyake vibichi vina sumu kwa watoto. Kwa hiyo mtu asikuletee furushi la majani akakwambia "hii ni kivumbasi" ukatia chunguni. Shika, tazama ua, nusa. Kama hujauona mmea wenyewe ukiwa umesimama ardhini, usiunywe.

Mnaonijua mnajua nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla sijastaafu. Kuna jambo sijawahi kulisema mbele ya watu wengi, nalo ndilo lililonileta hapa leo.

Nilikuwa bado msichana kazini, zahanati ya kijijini. Usiku mmoja akaja mama amebeba mtoto wa miaka miwili, amemfunga kwa kanga mbili. Alipomfungua, harufu ya kivumbasi ikajaa chumba kizima. Mtoto alikuwa ameogeshwa kivumbasi, amenyweshwa kivumbasi, amefukizwa kivumbasi, siku tatu za homa. Nywele zake zilikuwa bado zina vipande vya majani. Alikuwa na degedege. Tulifanya tulichoweza, na alfajiri tukampoteza.

Yule mama hakuwa mzembe, naomba nieleweke. Hakulala siku tatu. Alifanya yote aliyofundishwa na mama yake, tena alifanya kwa usafi na kwa upendo. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia jani hili linafika wapi na linaishia wapi. Na mimi niliyekuwa nikipita mlangoni kwake kila wiki na mizani ya kupimia watoto, sikuwahi kumwambia.

Niliporudi nyumbani asubuhi ile niling'oa kivumbasi chote kilichokuwa uani kwangu, hadi mizizi. Bibi yangu alikuwa hai. Alikaa kwenye kibao chake akanitazama nikimaliza, halafu akasema, "Umeuadhibu mti." Hakuongeza neno. Ilinichukua miaka kuupanda tena, na siku nilipoupanda nilijiapiza kwamba yeyote nitakayempa tawi nitampa na maelezo yake. Leo mtapewa matawi, kwa hiyo mtavumilia maelezo.

Nianze na kile ambacho kivumbasi kinaweza, maana kinaweza mengi.

Kile kirefu, kinachokua kikawa kichaka cha kumpita mtoto wa darasa la kwanza, wengi wetu tunacho karibu na choo au kwenye kona ya uwanja. Nuseni tena. Wengine mtasikia harufu ya karafuu. Hamkukosea. Ndani ya mafuta yake mara nyingi mna yujenoli, ile ile iliyomo kwenye karafuu za Pemba, na ile ile inayonuka kwa daktari wa meno unapoketi kwenye kiti chake. Inatia ganzi kidogo na inaua baadhi ya vijidudu. Ndiyo maana wazee walitafuna jani hili jino lilipouma, na walikuwa sahihi: linapoza. Jino lililooza linabaki limeoza, lakini angalau umelala usiku ule.

Halafu mbu. Hapa bibi zetu walikuwa mbele ya watu wengi. Kuchoma kivumbasi jioni, kukifunga dirishani, kukiweka chini ya kitanda, haya yamefanyika pwani na bara tangu zamani. Watafiti waliyachukua wakayapima. Kenya magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliweka vyungu vyenye kivumbasi kile kidogo kikiwa hai, bila kukichoma wala kukisaga, wakahesabu mbu. Wanaoeneza malaria walipungua kwa zaidi ya theluthi. Na hapa hapa kaskazini mashariki mwa Tanzania wamepimwa vivumbasi hivi, matokeo ni yale yale: vinafukuza.

Sasa shikeni hesabu hiyo vizuri. Kama kila usiku unaumwa na mbu tisa, chungu cha kivumbasi kinakuondolea watatu, labda wanne. Ni msaada wa kweli na ni wa bure. Lakini watano au sita wamebaki, na mmoja anatosha kukupa malaria. Kwa hiyo kivumbasi kikae mlangoni, na chandarua kikae kitandani. Atakayetoa chandarua kwa sababu ana kivumbasi, arudishe tawi langu.

Kuna na aina ya tatu ya kivumbasi ambayo hapa Tanga si wengi walio nayo, ile yenye harufu ya kafuri. Jina lake la kitaalamu, Ocimum kilimandscharicum, limebeba mlima wetu. Nataka niwaambie habari zake kidogo kwa sababu kuna watu wa kawaida kama sisi waliofanya nayo kazi ya kupendeza. Kandokando ya msitu wa Kakamega, Kenya, kuna kikundi cha wakulima kinaitwa Muliru. Majirani wa msitu ule walikuwa wamezoea kuingia kuchuma na kukata. Hawa wakaamua kuupanda mmea kwenye mashamba yao. Wakafungua kiwanda kidogo, wakakamua mafuta kwa mvuke, na kwa mafuta hayo ikatengenezwa dawa ya kuchua iliyouzwa kwa jina la Naturub. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ninachowapendea zaidi ya tuzo ni kwamba msitu ulipumzika. Mwenye mmea uani hana haja ya kwenda kuung'oa porini.

Ila kafuri, mama zangu, si ya watoto wadogo. Usimpake mtoto mchanga puani wala kifuani, na chupa yake isikae mahali mtoto anafika. Mtoto akiimeza inaweza kumtia degedege ndani ya muda mfupi. Hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu wengi wenu mnaona kila kinachopoza kifua cha mtu mzima kitapoza na cha mtoto.

Na nyungu. Mwaka 2020 hapa nchini karibu kila nyumba ilijifukiza. Mimi sikatai nyungu. Pua ikiziba, mvuke wenye kivumbasi, mchaichai na majani ya mkaratusi unakufungulia, unapumua, unalala. Basi. Mvuke hauendi kupigana na ugonjwa kifuani. Na maji yaliyochemka chini ya blanketi, pamoja na mtoto anayehangaika, nimeyaona yanachofanya: ngozi ya paja ilivyotoka, sitawaelezea. Mtoto hafunikwi juu ya sufuria. Mtu mzima naye aiweke sufuria chini, imara, asiipakate.

Nimefika kwenye homa.

Kivumbasi hakitibu malaria. Narudia, kwa sababu najua wapo ambao mioyo yao imekataa: hakitibu malaria. Mtoto akioga maji ya kivumbasi mwili unapoa kwa sababu ya maji, na mama anapumua kwa sababu mwili umepoa, na huo ndio mtego. Vijidudu viko ndani ya damu vinaendelea na kazi yao. Mtoto mwenye homa anapelekwa kupimwa siku ile ile. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu kidoleni na dakika kama kumi na tano. Kikionyesha malaria, anapewa dawa mseto, na anaimaliza hata akianza kucheza kesho yake. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akizubaa au akishikwa na degedege, hapo hata chai usiweke jikoni. Beba, nenda.

Najua mtaniuliza, kwani dawa mseto yenyewe haikutoka kwenye majani? Imetoka. Sehemu yake moja imetoka kwenye artemisia, mmea wa Kichina ambao hata huku kwetu, Arusha na Kenya, umelimwa kwa ajili ya viwanda. Bibi Tu Youyou, mama wa Kichina aliyeupekua miaka ya 1970, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini tazameni alichofanya. Alitafuta ndani ya jani ni kitu gani hasa kinachotibu, akakitoa, akajua kipimo chake, kikajaribiwa kwa wagonjwa. Jani bichi la artemisia leo lina dawa nyingi, kesho kidogo, kutegemea mvua, udongo na siku ulipolichuma. Ndiyo maana hata Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia iwe tiba ya malaria. Na hiyo artemisia ina dawa yenyewe ndani! Sembuse kivumbasi.

Tutoke hapo, maana naona nyuso zimekaza. Twende jikoni.

Sisi wa pwani mrehani tulianza kuuvaa kabla ya kuula. Umo kwenye kikuba, pamoja na asumini, waridi na mkadi; umo nyweleni mwa bibi harusi; na wengine wameupanda makaburini kwa wapendwa wao. Neno mrehani lenyewe limetoka kwenye Kiarabu. Kwa hiyo ukimwambia mama wa Kipwani atie mrehani kwenye sufuria anakutazama kama umemwambia atie udi. Lakini mbegu zake mnazila! Mkienda Mombasa mkanywa falooda, zile mbegu nyeusi zilizovimba zikavaa utando kama macho ya samaki, ni tukmaria, nazo ni mbegu za mrehani. Loweka kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji, robo saa tu, utaziona zinanona mbele yako. Mpe mtoto ulipomaliza kuzilowesha, kamwe asizibwie kavu, zinaweza kuvimbia kooni.

Majani yake mimi huyachana kwa mkono nikayatupia juu ya kachumbari, au juu ya nyanya zilizochomwa kwenye makaa na chumvi. Mrehani hautaki moto mrefu. Ukiutia mwanzoni mwa mapishi harufu inapanda na mvuke, inabaki kwa jirani. Tia sufuria ikishaipuliwa. Kivumbasi ni kinyume chake, kina nguvu, majani matatu yanatosha birika zima la chai. Ukizidisha utakunywa karafuu. Ndugu zetu wa Uganda wanakiita mujaaja na chai yao bila hicho wanaona haijakamilika. Wanaijeria wanakitia kwenye supu ya pilipili. Mimi nimekijaribu kwenye supu ya samaki, majani mawili yaliyokatwa nyuzinyuzi, na tangu siku ile mume wangu haniulizi tena kwa nini nimerudisha kichaka kile karibu na mlango.

Na mgeni wetu majoramu. Huyu ni wa nyama na maharage. Wajerumani soseji zao nyingi bila yeye hazijawa soseji, na Wamisri wanamlima kwa wingi, Fayoum na Beni Suef, wanamuuza kavu ulimwenguni. Ana tabia moja ambayo mrehani hana: akikauka harufu inabaki, wakati mrehani ukikauka unakuwa mweusi na utamu umekwenda. Maharage ya nazi yakishaiva, tia nusu kijiko cha majani makavu ya majoramu, funika dakika tano. Jaribuni siku moja.

Kwa dawa, Waarabu wanamnywa kwa gesi ya tumbo na kwa mambo ya hedhi. Hili la hedhi lilijaribiwa Jordani, likachapishwa mwaka 2016: wanawake wenye vifuko kwenye ovari walikunywa chai yake mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, na baadhi ya homoni zao zikashuka kidogo kuliko za wale walionywa chai isiyo nayo. Inatia moyo. Lakini wanawake wote katika utafiti ule walikuwa 25, yaani nusu ya mliokaa hapa, na mwezi mmoja ni mfupi. Ningekuwa nauza majoramu ningewaambia nusu ya kwanza ya habari hii nikanyamaza. Binti mwenye hedhi iliyopotea miezi mitatu aende akapimwe, na chai yake anywe akirudi. Mjamzito ale majoramu kwenye maharage kama anavyokula vitunguu, lakini asinywe chai yake nzito kila siku, wala ya kivumbasi. Na mafuta yaliyokamuliwa, yale ya kichupa, hayanywewi na mtu yeyote.

Sasa kupanda. Nitakuwa mfupi kwa sababu mikono yenu inajua kuliko mdomo wangu.

Mrehani na kivumbasi vinapenda jua la Tanga na havichagui sana. Mbegu za mrehani zitachipua ndani ya wiki moja hivi. Mche ukifikisha majani sita, kata ncha. Roho inauma, lakini kata. Utatoa matawi mawili pale ulipokata moja. Ua likitokea, likate pia, kwa sababu mmea ukishazaa mbegu unaacha kutoa majani mazuri. Acha mmoja tu wa mbegu. Mrehani achilia shubiri moja na nusu kati ya mche na mche. Kivumbasi kipe hatua nzima.

Majoramu ndiye msumbufu. Mbegu zake ni kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo laini, usizifukie, zigandamize kwa kiganja. Jua analitaka, maji yaliyotuama yanamuua. Miche yangu ya kwanza yote ilioza mizizi wakati wa masika, Aprili, nikadhani ni ugonjwa. Ilikuwa maji tu. Sasa namweka kwenye ndoo ya zamani ya rangi iliyotobolewa chini, kokoto kwanza, halafu udongo uliochanganywa na mchanga, na mvua ikizidi namsogeza chini ya paa. Wenzetu wa Lushoto, kwenye ubaridi, hawatasumbuka hivyo. Mchume vitumba vinapoanza tu kutokeza, kabla ua halijafunguka, asubuhi umande ukishakauka. Mkaushe kivulini. Jua linayachukua yale mafuta tuliyoyasema.

Matawi yako kwenye ndoo pale chini ya mwembe. Yaliyofungwa uzi mweupe ni mrehani, yasiyo na uzi ni kivumbasi. Ukifika nyumbani, kata chini ya fundo, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji, mahali pasipo na jua kali. Badilisha maji kila siku ya pili. Ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe kama nyuzi, ikifikia urefu wa kidole, pandikiza jioni. Majoramu hayatoshi wote, miche ni kumi na miwili, kwa hiyo kila kikundi kichukue mmoja na mwenyekiti aniambie ataukalisha wapi wakati wa masika. Na yule dada aliyeninong'oneza wakati tunaingia kwamba mtoto wake ameamka na joto, tawi lako nitakuwekea. Nenda sasa hivi, zahanati bado iko wazi.